Shajara ya mradi: majina ya mnyama wa pembe moja

Siku ya 1

Nimefungua jedwali jipya lenye safu tano: lugha, jina, vipande vya jina, lilikopitia, maelezo. Nia ni kukusanya majina ya yule mnyama wa hadithi mwenye umbo la farasi na pembe moja katikati ya paji la uso, katika kila lugha nitakayoweza kuithibitisha, kisha kuonyesha nani alimwazima nani. Sitaki kutengeneza kamusi. Nataka kuona jina linavyotembea, na mnyama anavyobadilika kila linapovuka mpaka.

Tatizo limeanza kabla ya mstari wa kwanza. Mimi mwenyewe nimwite nani ninapoandika? Jina lolote nitakaloshika lina upande wake. Kwa hiyo jedwalini na humu shajarani ataitwa P1, yaani pembe moja, mpaka nitakapopata lililo bora.

Mstari wa Kiswahili ndio niliouanza, nikiudhani mwepesi. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inamtaja P1 mara 9. Nikafungua mahali palepale katika Biblia ya Kiswahili, ile ya Muungano ya 1952. Nyati. Nyati tena. Nyati kote! Mnyama mwenye pembe mbili, na pembe zenyewe zimekutana utosini kama kofia. Nimekipaka kisanduku rangi nyekundu na kuandika: "Kosa la tafsiri. Rekebisha."

Siku ya 2

Leo kazi imekwenda mbio, mbio mno. Lugha nyingi za Ulaya zimemhesabia pembe zikaridhika. Kijerumani Einhorn, Kiholanzi eenhoorn, Kideni enhjørning, Kiaislandi einhyrningur, Kirusi edinorog, Kipolandi jednorożec: "moja" kwanza, "pembe" baadaye. Kifini na Kihungaria havina nasaba na lugha hizo, ila navyo vimelichukua wazo lilelile na kulivalisha nguo za nyumbani. Yksisarvinen ni yksi, moja, na sarvi, pembe. Egyszarvú ni egy na szarv, na ukiangalia sarvi na szarv unawaona ndugu wawili waliotengana zamani. Kituruki kina tekboynuz. Kibaski ndicho kilichogeuza mpangilio: adarbakar, pembe mbele, upweke nyuma, kama ambavyo Kiswahili kingesema.

Wanaisimu huita mtindo huu tafsiri mkopo. Huliazimi neno, unaazima mifupa yake. Nimezipa zote rangi ya kijani na kuziita "majina ya kuhesabu". Usiku huu kuna mistari 19, na 16 kati yake ni kijani.

Kusema kweli zimenichosha. Jina linalohesabu pembe halikwambii chochote juu ya mnyama. Linakwambia tu kwamba aliyelitunga alikuwa na neno la mtu mwingine mbele yake.

Siku ya 4

Kifaransa kimeniamsha.

Kilatini unicornis kilipaswa kukiachia Kifaransa unicorne, na kweli kiliiacha: Kifaransa cha kale kinayo. Lakini leo Mfaransa anasema licorne. Hiyo L imetoka wapi? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba sikio lilikata neno mahali pasipo na mshono. Lilisikia un mwanzoni likadhani ni lile neno dogo la "mmoja" linalotangulia nomino, basi mnyama mwenyewe akabaki icorne. Ukitaka kumtaja yule anayejulikana, unasema l'icorne. Siku zikapita, mshono ukafutika, L ikaganda. Kiitalia nacho kina alicorno na liocorno, na hilo la pili huelezwa kuwa limevutwa na leone, simba.

Angalia kilichotokea. Jina lilikuwa na kazi moja tu, kusema pembe ni moja. "Moja" ndiyo iliyoanguka njiani, na mnyama akaendelea na safari bila kuulizwa.

Anayewacheka Wafaransa ajikumbushe neno kitabu. Katika Kiarabu ile ki ni sehemu ya mzizi, haina uhusiano wowote na ngeli. Waswahili wakaisikia, wakaona ki- yao, wakatoa vitabu bila kusita. Kipilefti cha barabarani nacho kikazaa vipilefti. Na alfajiri na alasiri bado zinatembea na al- ya Kiarabu iliyoganda mbele, sawasawa na ile L ya licorne. Nimeweka rangi mpya, ya machungwa: "majina yaliyokatwa vibaya". Ndiyo rangi ninayoipenda zaidi mpaka sasa.

Siku ya 5

Nimepanga safu ya lugha kialfabeti bila kuchagua safu nyingine. Kibaski kikapewa jina la Kideni, Kifini kikajikuta kinasema edinorog. Nimegundua baada ya saa mbili za kuongeza maelezo. Nimerudisha nakala ya jana, na maelezo ya leo yamekwenda na maji.

Siku ya 8

Nimerudi kwenye zile aya 9, safari hii kuanzia Kiebrania. Neno ni re'em. Limo katika Hesabu 23 na 24, Kumbukumbu la Torati 33, Ayubu 39 mara mbili, Zaburi 22, 29 na 92, na Isaya 34. Nimezisoma zote kwa utulivu na hakuna hata moja inayosema mnyama huyu ana pembe moja. Zinasema ana nguvu, hafugiki, na kwamba hutampata akulimie shamba wala alale katika zizi lako. Farasi hatajwi kuhusiana naye.

Waliompa upembe-moja ni watafsiri wa Kiyahudi walioigeuza Torati kuwa Kigiriki huko Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na wenzao walioendelea na vitabu vingine baada yao. Karibu kila walipokutana na re'em waliandika monokeros: mono, moja, keras, pembe. Inaelekea walikuwa na neno wasilomjua mwenyewe, na Kigiriki kilikuwa na mnyama wa ajabu aliyekaa bila kazi. Wakawaunganisha.

Jerome, alipotafsiri kwa Kilatini kati ya mwisho wa karne ya 4 na mwanzo wa ya 5, alisitasita na hakuficha. Katika Hesabu, Kumbukumbu la Torati na Ayubu aliandika rinoceros, kifaru. Katika Zaburi na Isaya akaandika unicornis. Mnyama mmoja wa Kiebrania akagawanyika wawili kwa Kilatini. Luther hakusitasita: Einhorn. Waingereza wa 1611 nao vilevile, mara zote 9.

Jibu lilikuwa limelala ardhini. Karne ya 19 ilipofanikiwa kusoma maandishi ya kabari ya Mesopotamia, Kiakadi kikaonekana kina rīmu, na rīmu ni fahali mwitu. Lango la Ishtar la Babeli, la zama za Nebukadneza wa Pili, limejaa picha zake za matofali, na kwa kuwa amechorwa ubavuni, pembe inayoonekana ni moja! Sitajenga hoja juu ya hilo, lakini nimelitazama muda mrefu.

Kwa hiyo re'em ni ng'ombe mwitu mkubwa, babu wa ng'ombe wetu wa kufugwa. Na hapa kuna jambo ambalo halitoshi katika safu yoyote ya jedwali langu. Wa mwisho wa aina yake kuandikwa alikufa mwaka 1627 katika msitu wa Jaktorów, Poland. Watafsiri wa Kiingereza walipoandika jina la mnyama asiyekuwapo mwaka 1611, re'em wa kweli alikuwa bado anapumua, miaka 16 kabla ya kutoweka.

Nyongeza ya usiku: mzizi huohuo upo Kiarabu, ri'm au rīm, na huko ni swala mweupe. Ndiyo asili ya jina la kike Rim. Mzizi mmoja: Mwakadi akaona fahali anayebomoa, Mwarabu akaona swala mwenye shingo nyembamba.

Siku ya 9

Aya moja tu leo, Kumbukumbu la Torati 33:17, na imenila siku nzima.

Musa anaibariki kabila ya Yusufu. Pembe zake, anasema, ni pembe za re'em, kisha anazifasiri mwenyewe: hao ni makumi elfu ya Efraimu, na hao ni maelfu ya Manase. Wana wawili, pembe mbili. Katika Kiebrania re'em yuko katika umoja. Mnyama mmoja, pembe zaidi ya moja.

Mtafsiri wa Kigiriki alipofika hapa alikuwa amekwisha kujifunga. Alikuwa ameamua kwamba re'em ni monokeros, basi ikambidi aandike "pembe za mwenye-pembe-moja", na akaandika, akapita. Waingereza wa 1611 waliona shimo. Wao wakamgeuza mnyama kuwa wengi, "pembe za P1 wengi", ili hesabu ikubali, na pembezoni wakakiri kwamba Kiebrania kina umoja. Ninawaheshimu kwa ule mstari wa pembezoni.

Katika Kiswahili jambo hili linakaa mahali padogo sana. Pembe ni pembe, ikiwa moja au zikiwa mia. Kinachosema idadi ni kiungo tu: pembe ya nyati, pembe za nyati. Zaburi 92 ina "ya", Torati 33 ina "za". Ugomvi wa zaidi ya miaka 2000 kati ya Kiebrania na Kigiriki unaamuliwa na herufi moja, y au z, na Kiswahili kinaupita bila jasho kwa kuwa nyati anazikubali zote mbili.

Nimekitazama tena kile kisanduku chekundu cha Siku ya 1. Sijakigusa, kwa kiburi zaidi kuliko kwa hoja.

Siku ya 12

Sasa upande wa pili wa nasaba, ule usiojali Biblia. Ctesias, tabibu Mgiriki aliyehudumu katika jumba la mfalme wa Uajemi, aliandika kuhusu India mnamo mwaka 400 kabla ya Kristo, bila kufika huko. Kitabu chenyewe kimepotea. Tunacho kwa muhtasari wa Photius, msomi wa Kigiriki wa karne ya 9. Anasimulia punda mwitu wakubwa kama farasi au zaidi: mwili mweupe, kichwa chekundu cha giza, macho ya buluu, na pembe ya dhiraa moja na nusu, nyeupe shinani, nyeusi katikati, nyekundu nchani. Anayeinywea hadhuriki na sumu.

Aristotle naye anawataja wenye pembe moja wawili, punda wa India na oryx. Wa pili ni choroa wetu, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki. Mwone kwa ubavu, moja inaificha nyingine. Pliny, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, anampa monoceros mwili wa farasi, kichwa cha kulungu, miguu ya tembo, mkia wa nguruwe mwitu na pembe nyeusi ya dhiraa mbili. Miguu ya tembo! Yeyote aliyeanza kumchora P1 akiwa na kwato za dhahabu hakumsoma Pliny.

Siku ya 15

Nimefika Asia. Kiarabu cha kale kina karkaddan, kutoka Kiajemi kargadan, nalo huunganishwa na Kisanskriti khadga, "upanga", ambalo pia ni jina la kifaru wa India. Mnyama kaitwa upanga. Kati ya majina yote niliyokusanya hili ndilo la kwanza linalonusa mtu aliyesimama karibu na mnyama mwenyewe.

Marco Polo alikuwa mmoja wa waliosimama karibu. Huko Sumatra alionyeshwa P1 kadhaa na hakufurahi: wakubwa karibu kama tembo, manyoya kama ya nyati, wanagaagaa matopeni, wabaya wa sura, wala hawafanani hata kidogo na yule anayesemekana hukamatwa kwa kulaza kichwa mapajani mwa bikira. Alikuwa akitazama kifaru. Alikuwa na jina tayari kichwani, na badala ya kulitilia shaka jina akamlaumu mnyama.

Al-Biruni alifanya kinyume, ndiyo maana siku yote ya leo ni yake. Katika kitabu chake juu ya India, cha mnamo 1030, anamweleza mnyama anayeitwa ganda: umbo kama la nyati, ngozi nyeusi yenye magamba, nyama inayoning'inia chini ya kidevu. Kisha anasimulia habari aliyopewa na mtu aliyefika Sofala, katika nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Huko kuna mnyama ambaye pembe yake hutengenezewa mipini ya visu, ana pembe mbili, ya mbele ndefu zaidi, na wenyeji humwita impila.

Nimelisoma neno hilo kwa sauti mara tatu. Impila. Lina sura ya Kibantu kabisa, na mwanzo wake wa puani. Kichewa humwita kifaru chipembere. Na Kiswahili kina pea, jina la zamani la kifaru ambalo bado limo kamusini ingawa mdomoni limekwisha kuwa adimu. Nimeziweka tatu hizo mstari mmoja jedwalini, zikitazamana. Msomi wa Asia ya Kati, karibu miaka 1000 iliyopita, anaandika kwa Kiarabu neno la watu wa pwani hii kwa sababu alitaka kujua pembe ni ngapi. Aliuliza, akaambiwa mbili, akaandika mbili.

(Kifaru chenyewe siku hizi kimegawana jina na gari la vita la deraya. Safu ya maelezo imeanza kufurika.)

Siku ya 16

Kiarabu cha leo humwita kifaru wahid al-qarn, "wa pembe moja". Hili ni jina la kuhesabu, kijani, lakini limempata mnyama halisi na hesabu yenyewe ni ya kubahatisha. Kati ya aina 5 za vifaru zilizosalia, 3 zina pembe mbili, zikiwamo zote mbili za Afrika. P1 wa hadithi amelazimika kutafutiwa jina la kumtofautisha, uhadi al-qarn.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi hapa. Wahidi tunayo. Qarn pia tunayo, ila imefika ikiwa nusu: katika Kiarabu ni pembe na pia ni zama, miaka 100, sisi tukachukua zama tu tukaiita karne, pembe tukaiacha kwa kuwa tulikuwa na yetu. Ndiyo maana wafasiri wa Suratul-Kahf wanapomfikia Dhulkarnaini wanagawanyika, wengine wakisema mwenye pembe mbili, wengine mwenye karne mbili. Sikupanga kumkuta mtu wa P2 katika mradi huu.

Siku ya 19

Qilin wa Wachina. Nimemkwepa kwa wiki mbili kwa kuwa nilijua atavuruga rangi zangu.

Maandishi ya Kichina yanamtaja lin muda mrefu kabla ya Pliny. Kumbukumbu za Majira ya Kuchipua na Vuli za dola ya Lu hufikia kikomo kwa kukamatwa kwa mmoja, mwaka 481 kabla ya Kristo, na mapokeo yanasema Confucius alihuzunika. Mwili wa paa au kulungu, mkia wa ng'ombe, mara nyingi pembe moja, mara nyingine mbili. Huja wakati mtawala ni mwema. Maelezo ya kimapokeo hugawa jina: qi dume, lin jike. Hakuna "moja" ndani yake wala "pembe".

Kisha inakuja 1414. Mtawala wa Bengal anampelekea mfalme Yongle zawadi, twiga. Mwaka uliofuata, 1415, twiga mwingine anafika, safari hii kutoka Malindi. Barazani akatangazwa kuwa qilin. Shingo yake hakuna aliyewahi kuiandika, lakini alikuwa mpole, alikula majani, alikuwa na mabaka na vipembe vilivyofunikwa ngozi, na alikuja wakati ambapo kila mtu alihitaji ushahidi kwamba mfalme ni mwema. Wengine wameona pia kwamba Kisomali geri, twiga, si mbali na qilin sikioni mwa Mchina. Shen Du, msomi wa barazani, alimwandikia utenzi wa sifa, na picha ya mnyama huyo ipo: twiga mtupu, kashikwa kamba na mtunzaji wake.

Hapa mradi umenigeukia. Siku zote nimekuwa nikifuatilia jina linalotafuta mnyama. Hapa mnyama wa kweli, tena wa huku, alisafiri baharini akafika amekuwa hadithi. Wachina baadaye waliyatenga mawili hayo: twiga leo kwao ni changjinglu, kulungu wa shingo ndefu, na P1 wa Ulaya ni dujiaoshou, mnyama wa pembe moja. Lakini Kijapani na Kikorea havikuyatenga. Kirin na girin ni yule wa hadithi, na ni twiga wa kawaida kabisa, anayekula majani nyuma ya uzio.

Nimefungua karatasi ya pili ndani ya jedwali: "Jamaa wa mbali". Qilin ataishi huko. Twiga sijui nimweke wapi.

Siku ya 22

Baharini. Kwa karne kadhaa "pembe za P1" ziliuzwa Ulaya kwa bei ya kutisha kama kinga ya sumu, ile imani ya Ctesias ikiwa bado hai. Zilikuwa ndefu, nyeupe, zimesokotwa kama kamba. Mwaka 1638 Ole Worm, tabibu wa Denmark, alionyesha kwamba ni meno ya nyangumi mdogo wa bahari za kaskazini. Jino moja la kushoto, linalotoboa mdomo wa juu na kwenda hadi karibu mita 3. Haikuwazuia Wadeni wenyewe, baada ya hapo, kumtengenezea mfalme wao kiti cha enzi kwa meno hayohayo.

Jina la nyangumi huyo katika lugha za kaskazini, narhval kwa Kideni, hufasiriwa "nyangumi-maiti", kwa rangi yake iliyopauka. Wavuvi walikuwa wakimwona maiti, wanunuzi kusini wakimwona farasi. Na ule msokoto tunaouona leo katika kila picha ya P1 haumo kwa Ctesias wala kwa Pliny. Umetoka kwenye jino hili. Biashara ndiyo iliyomchonga.

Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya viumbe, alimwita Monodon monoceros katika kitabu chake cha mwaka 1758, jino moja, pembe moja. Kitabu hichohicho kinamwita kifaru wa India Rhinoceros unicornis. Kigiriki kwa nyangumi, Kilatini kwa kifaru. Urithi umegawiwa ndugu wawili wasiofahamiana, na farasi hakupata kitu. Wajapani nao humwita nyangumi huyu ikkaku, pembe moja, na P1 wa hadithi ikkakujū: wameongeza tu "mnyama" nyuma.

Siku ya 23

Mstari mfupi kuliko yote. Mihuri ya bonde la Indus, Harappa na Mohenjo-daro, kati ya 2600 na 1900 kabla ya Kristo. Mnyama anayerudiwa zaidi ya wengine wote ana mwili wa ng'ombe na pembe moja iliyopinda. Juu yake kuna maandishi, na maandishi hayo hayajasomwa. P1 mkongwe kuliko wote, jina lake pengine limo pale pale juu ya mgongo wake. Kisanduku cha jina nimekiacha kitupu na kukifunga kisihaririwe.

Siku ya 26

Kiswahili. Haikwepeki tena.

Kinachosikika zaidi sasa ni yunikoni. Limeingia na midoli na vibonzo, na limepata nguvu kutoka kurasa za biashara, ambako tangu 2013 kampuni changa yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1 huitwa hivyo. Ngeli yake haina shida, yunikoni huyu, yunikoni hawa. Halina vipande vya kufasiri, na huenda ndiyo faida yake.

"Farasi wa pembe moja" ni maelezo, siyo jina, na kwa niliyoyasoma farasi ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote. Punda angelalamika.

Nimejaribu pembemoja, neno moja, jinsi kifauongo lilivyo neno moja. Pembemoja yule, pembemoja wale. Nimelitamka wiki nzima na sasa ulimi umelikubali. Ila ni jina la kuhesabu, kijani kibichi, lilelile kundi nililolidharau Siku ya 2. Imenibidi nirudi kule na kufuta sentensi moja ya dharau katika safu ya maelezo. Humu shajarani nimeiacha.

Na nyati. Nilimwandikia kosa. Lakini nyati hakuwekwa pale amfasiri P1. Aliwekwa amfasiri re'em, na re'em alikuwa ng'ombe mwitu asiyefugika mwenye pembe mbili. Nyati wa huku si ng'ombe yule wa Jaktorów, ni jamaa tu, lakini mtu aliyewahi kumwona nyati dume akigeuka haambiwi maana ya Ayubu 39. Watafsiri wa Kiswahili hawakuwa wa kwanza. Biblia ya Kiingereza iliyorekebishwa ya 1885 ilikwisha kumwondoa P1 na kuweka ng'ombe mwitu. Tofauti ni kwamba Kiingereza kilihitaji kujisahihisha baada ya zaidi ya karne mbili na nusu. Kosa la Siku ya 1 lilikuwa langu: nilimpima nyati kwa rula ya Kigiriki.

Kwa hiyo mstari wa Kiswahili nimeupasua mara tatu. Re'em: nyati, bila rangi. P1: yunikoni, kijivu kama mkopo wa moja kwa moja, na pembemoja chini yake ikiwa pendekezo. Kifaru: pea, kwa mshale kwenda kwa Al-Biruni.

Siku ya 27

Mistari 41 imethibitishwa, 6 bado. Kiirishi, aonbheannach, kimeingia leo asubuhi, kijani. Twiga nimemhamishia karatasi ya "Jamaa wa mbali", mstari wa pekee, lugha: Kichina, mwaka: 1415, lilikopitia: Malindi.

Safu ya "lilikopitia" kwa impila ilikuwa tupu tangu Siku ya 15. Nimeandika neno moja, Sofala, na kuhifadhi faili.